Boti iko Dochgarroch, mkataba unasema Laggan kesho saa 3: uchambuzi wa kisa kimoja cha Loch Ness

Niweke hali yenyewe mezani kwanza. Ni Ijumaa asubuhi mwishoni mwa Juni, marafiki sita wako ndani ya boti ya kukodi iliyofungwa gatini Dochgarroch, kilomita chache tu kutoka Inverness kule Uskoti. Boti inatakiwa iwe imesharudi Laggan Jumamosi saa 3 asubuhi, imefagiliwa, mizigo imetolewa, maana wateja wengine wanaingia siku hiyohiyo. Kati ya hapo na Laggan kuna Loch Ness yote, karibu kilomita 37 za maji yaliyonyooka, kisha kuna loki za Fort Augustus, na upepo wa kusini magharibi umeamka kabla ya watu. Watatu wanataka kuondoka sasa hivi. Wawili wanataka kusubiri. Mmoja kanyamaza. Mimi nilikuwemo, ndiye niliyekuwa mtu wa kamba za mbele, na nilikuwa upande wa kusubiri, kwa hiyo mkiona najipendelea semeni tu.

Kwa wasioijua njia hii. Uskoti imekatwa mshazari na bonde moja refu, Great Glen, linalotoka Fort William kusini magharibi mpaka Inverness kaskazini mashariki, na ndani ya bonde hilo yamejipanga maziwa marefu membamba: Loch Lochy, Loch Oich na Loch Ness, halafu Loch Dochfour kadogo pale mwishoni. Mhandisi Thomas Telford aliyaunganisha kwa mfereji, Caledonian Canal, kazi ikaanza 1803 na ikafunguliwa 1822. Njia nzima ni kama kilomita 97 lakini zilizochimbwa na binadamu ni 35 hivi tu, zilizobaki ni maziwa yenyewe. Kuna loki 29. Loki ni chumba cha mawe chenye milango mikubwa mbele na nyuma, unaingiza boti, mlango wa nyuma unafungwa, maji yanajazwa au yanapunguzwa, unapanda au unashuka, mlango wa mbele unafunguliwa unaendelea na safari. Za pale zinaendeshwa na wafanyakazi wa mfereji kwa mitambo, wewe kazi yako ni kamba tu, na zinafungwa jioni. Hilo la kufungwa jioni lishikeni, ndilo lililobeba kisa chote.

Sasa kitu kinachowashangaza wengi: boti hizi unakodi bila leseni na bila uzoefu. Unafika, unaonyeshwa gia, unaonyeshwa choo na gesi, unazungushwa kidogo majini, unapewa funguo. Sisi maelezo yote yalichukua muda wa kunywa chai moja, na yule kijana aliyetuelekeza alikuwa na boti nyingine mbili za kukabidhi mchana ule, yaani alikuwa anaongea huku anaangalia saa. Alilisema la maana kabisa, kwamba upepo ukizidi nguvu ya 4 kwenye vipimo vya Beaufort msiingie Loch Ness, lakini alilisema katikati ya habari za kumwaga maji machafu na jinsi ya kuwasha hita, basi likapita na upepo wake. Wangapi kati yetu walijua nguvu ya 4 maana yake ni upepo wa noti 11 mpaka 16, noti ikiwa ni maili moja ya baharini kwa saa? Mmoja. Huyo ndiye aliyeshika usukani wiki nzima, mtoto wa pwani, amekulia kwenye vyombo, na kuanzia hapo watu wote tukamwita nahodha. Ila aliyesaini mkataba ni mwingine, dada yetu mmoja ambaye ndiye aliyetoa kadi ya benki kwa ajili ya dhamana. Kwa hiyo boti ilikuwa na nahodha wa majini na nahodha wa karatasi, na hakuna siku watu walikaa wakasema siku mambo yakiwa magumu nani ana neno la mwisho.

Kwenda kulikuwa raha tupu, sitaki kudanganya. Kutoka Laggan unapita Loch Oich, ziwa dogo lenye visiwa vya miti na gofu la kasri la Invergarry limesimama juu ya mwamba upande wa kushoto, halafu daraja la Aberchalder linazungushwa pembeni magari yanasimama kukusubiri wewe na boti yako ya kilomita 10 kwa saa, kuna kiburi fulani kinaingia hapo hata kama wewe ni mtu mnyenyekevu. Loki ya Cullochy, loki ya Kytra, halafu Fort Augustus, loki tano zimeshikana kama ngazi katikati ya mji, watu wamekaa ukingoni wanakula aiskrimu wanakutazama unavyohangaika. Pale boti haiendeshwi, inatembezwa: mmoja ameshika kamba ya mbele, mwingine ya nyuma, mnatembea juu ukingoni mnaivuta chumba hadi chumba. Kamba haifungwi moja kwa moja maana maji yakishuka boti itabaki inaning'inia, unaizungusha kwenye chuma na unaiachia kidogokidogo kwa mikono. Hiyo kazi nilikuwa naipenda mpaka mikono ikanuka nailoni.

Loch Ness tuliivuka kwenda Inverness na upepo ukiwa nyuma yetu. Na hapa ndipo uchambuzi unaanza hasa, kwa sababu ile siku ndiyo iliyotudanganya. Upepo wa tezi, yaani unaokusukuma kutoka nyuma ya chombo, unaficha. Chukua upepo wa noti 15, boti inakwenda noti 5 kuelekea uleule upande upepo unakokwenda, wewe uliyekaa juu unausikia kama wa noti 10 tu, kabati hazilii, chai haimwagiki, mawimbi yanakuja nyuma yanakuinua taratibu yanapita. Geuza boti uingie mbisho, yaani upepo ukiwa usoni, upepo uleule sasa unausikia wa noti 20. Na nguvu ya upepo kwenye ubavu wa boti haiendi moja kwa moja, inakwenda kwa mraba, kwa hiyo kutoka 10 kwenda 20 si mara mbili, ni mara nne. Halafu badala ya wimbi kukuinua kwa nyuma, unalipiga kwa omo, mbele ya boti, kila baada ya sekunde chache. Sisi tukatoka ng'ambo ya pili tunasema ziwa hili wanalitia chumvi, watu wanaogopa jina tu. Ziwa ni lilelile. Kilichobadilika ni upande.

Na ziwa lenyewe limekaa vibaya kwa boti za namna ile. Limenyooka na bonde, milima huku na huku, na upepo unaovuma sana nchi ile ni huo wa kusini magharibi, kwa hiyo unaingia bondeni na kubanwa kama maji kwenye bomba. Wimbi linakua kwa urefu wa maji liliyopita juu yake. Upepo ukianzia Fort Augustus, ukifika mwisho wa ziwa upande wa Inverness, pale Lochend, wimbi limeshatembea zaidi ya kilomita 30 bila kizuizi. Mawimbi ya ziwa nayo ni mafupi na yamesimama, si yale marefu ya bahari kuu ambayo unapanda unashuka kwa starehe. Kina kinafika mita 230 hivi, kando zinadidimia ghafla, kwa hiyo wazo la "injini ikizima tutatupa nanga" futa, sehemu nyingi nanga haitafika popote. Maji ya chini yanakaa digrii 5 au 6 mwaka mzima, ya juu hata Juni ni ya baridi ya kukata pumzi. Boti yetu sasa, mita 12, juu imejaa madirisha na paa refu, chini haina kina. Nzuri kwa mfereji. Kwa mbisho ni shughuli nyingine.

Turudi Dochgarroch. Watu wakisimulia kisa hiki husema kosa lilikuwa Ijumaa. Mimi nasema hapana, Ijumaa tulikuwa tunagawana tu matokeo ya Alhamisi. Alhamisi mchana tulikuwa Inverness, juu ya loki za Muirtown, utabiri ulishaonyesha upepo kupanda usiku na kukaa nguvu ya 5 mpaka 6 Ijumaa nzima, kupungua usiku, Jumamosi asubuhi shwari. Nahodha aliusoma kwa sauti mezani. Kila mtu akasikia. Halafu mmoja akasema ana miadi ya chakula cha mchana na rafiki yake anayeishi mjini, mwingine anataka kununua sweta, shemeji yetu akasema jamani tuko likizo au tuko jeshini, na hoja ikaishia hapo. Tungetoka saa 6 mchana tungelala Fort Augustus upande wa nyumbani wa ziwa. Tulitoka saa 10 jioni na ushee, tukafika Dochgarroch loki imeshafungwa, tukafunga boti upande usio sahihi, chakula kilikuwa kitamu sana usiku ule.

Tabia hii nimeiona kwenye safari za marafiki hata zisizo za majini, mtu hataki kuwa yule anayeharibu starehe. Utabiri wa kesho hauna sura, lakini rafiki anayekusubiri hotelini ana sura na ameshatuma meseji mara mbili. Kwa hiyo utabiri unashindwa. Na nahodha, ambaye alijua, hakusema "tunaondoka", alisema "mnaonaje?", na ukiwauliza watu walioshiba kama wanataka kuondoka jibu unalijua.

Ijumaa saa 1 na nusu asubuhi. Pale gatini maji yametulia kabisa, bata wanaogelea, miti imekinga upepo, na huu ndio mtego wa Dochgarroch kwa sababu ukiwa pale ziwa kubwa hulioni. Unatoka lokini, unapita Loch Dochfour ambayo nayo imejificha, unapita mlango mwembamba wa Bona penye mnara mdogo wa taa, ndipo unafunguliwa Loch Ness yote usoni kwa mara moja. Mahali ambapo kugeuza ni rahisi huoni sababu ya kugeuza, na ukishaiona sababu kugeuza si rahisi tena, maana boti ikigeuka kuna sekunde kadhaa inalala ubavu kwa wimbi, na boti yenye paa refu ikilala ubavu kila kitu ndani kinahama.

Majadiliano yakawa hivi, nayaandika karibu yalivyosemwa. Shemeji: ndege ya Edinburgh ni kesho usiku, tukichelewa boti tunachelewa basi, tukichelewa basi basi tena. Nahodha: inawezekana, nimeona mabaya kuliko haya, tunakwenda polepole, omo ndani ya wimbi, kila mtu na jaketi la kuokolea mwilini. Dada wa mkataba: kampuni imesema mwisho nguvu ya 4, kikitokea kitu bima hainilipi, kadi ni yangu. Nahodha akamjibu, "Sasa dada, wewe ndiye unaendesha au mimi?" Na dada hakuinua sauti, akasema, "Endesha, ila jina langu litoe kwenye karatasi kwanza." Mpishi wetu ambaye wiki nzima hakuwa na maoni juu ya urambazaji akatupia tu kutoka jikoni, manahodha wengi chombo huenda mrama, akaendelea kukaanga mayai.

Kicheko kikapoza hali kidogo, lakini angalieni hoja zenyewe. Zote tatu zilikuwa za kweli na hakuna hata moja iliyokuwa inajibu nyingine. Mmoja anaongelea ndege, mmoja uwezo wa boti, mmoja dhima. Hamwezi kupiga kura juu ya maswali matatu tofauti mkapata jibu moja. Na hakuna aliyekuwa ameliona ziwa. Watu watatu walikuwa tayari kuingia mahali ambapo asubuhi ile hakuna jicho lililopaona.

Kilichobadilisha mambo ni mfanyakazi wa loki, mzee mmoja mwenye koti la manjano, alipopita kuuliza kama tunataka kupandishwa. Hakutukataza, kazi yake si kukukataza, yeye anafungua milango. Aliuliza tu, mmekwenda kuangalia Lochend? Kumbe ndivyo wenyeji wanavyofanya, unakwenda kwa barabara ya A82 mpaka pale ufuko wa mawe unapolitazama ziwa kwa urefu wake wote, unasimama dakika kumi, unarudi na uamuzi. Nahodha na dada wakaenda wawili kwa teksi, na hili la kuwatuma hao wawili waliokuwa wanabishana, badala ya mtu mmoja wa upande mmoja, nadhani lilikuwa jambo la busara kuliko yote yaliyofanyika siku ile japo lilitokea kwa sababu teksi ilikuwa ya kulipia na wengine walikuwa hawajavaa.

Walirudi na video. Povu jeupe kila mahali mpaka macho yanapoishia, mawimbi yanapasuka juu ya mawe, na sauti ya upepo kwenye simu imefunika maneno yao yote, unamwona tu nahodha anaonyesha kwa mkono halafu anautupa chini. Alipofika hakusema hapana. Alisema "bado". Mtu mwenye heshima zake unamwachia "bado" yake, hakuna haja ya kumkamua maneno.

Kabla ya saa 5 ikarudi boti ya kukodi ya kundi lingine, wazungu wanne wa makamo, waliotoka alfajiri ile wakitokea upande wa juu wa loki walikokuwa wamelala. Walifika kama kilomita tatu nne ndani ya ziwa, injini ikaanza kukohoa, ikapoteza nguvu, wakageuza wakasukumwa na upepo uleule mpaka Bona, bahati yao injini haikuzima kabisa. Nilikwenda kushika kamba zao. Sakafuni jikoni sukari, vipande vya sahani na maji ya kettle vimechanganyika, mama mmoja amekaa ngazini na jaketi lake hajalivua, anatabasamu lile tabasamu la mtu ambaye akiacha kutabasamu atalia. Fundi alipokuja akafungua chujio la dizeli mbele yetu: tope jeusi laini, kama lami iliyoyeyuka. Akaeleza kwamba boti ikikaa kwenye mfereji uchafu wa tangi unatulia chini miaka na miaka hausumbui mtu, siku ukiipeleka kwenye mawimbi tangi linatikiswa, uchafu unapanda, unavutwa kwenye bomba, chujio linaziba. Yaani injini haizimi kwa bahati mbaya wakati wa dhoruba, inazima kwa sababu ya dhoruba. Hili jambo sikuwahi kulisikia na nadhani ndilo lenye thamani kuliko yote niliyoyapata kwenye safari ile, kwa sababu linaua ile hesabu ya kichwani kwamba hatari ya injini na hatari ya hali ya hewa ni vitu viwili tofauti na uwezekano wa kukutana ni mdogo.

Halafu sasa hesabu ya muda, ambayo ilifanywa saa 6 mchana na ilipaswa kufanywa kabla ya mayai. Kutoka Dochgarroch mpaka Fort Augustus hali ikiwa nzuri ni saa nne, mbisho sema tano au zaidi. Loki tano za Fort Augustus karibu saa nzima ukiwa umebahatika kuingia bila foleni. Kytra, Cullochy, daraja la Aberchalder, Loch Oich, daraja la Laggan, weka saa tatu. Jumla kama saa tisa. Ukitoka asubuhi na mapema sana unafika Laggan jioni kabla milango haijafungwa. Ukitoka mchana, hata upepo ungekuwa umepungua, unafika Fort Augustus loki zimefungwa, unalala chini yake, kesho zinafunguliwa asubuhi na saa 3 inakukuta bado uko kwenye ngazi unavuta kamba. Maana yake ni nini? Saa 4 asubuhi ya Ijumaa ilipopita, mkataba wa Jumamosi saa 3 ulikuwa umeshakufa. Hakuna ushujaa wowote ambao ungeufufua. Na ilipoandikwa hivyo kwenye kipande cha karatasi, hoja ya shemeji ambayo ndiyo ilikuwa inasukuma watu wote ikapotea yenyewe, kwa sababu sasa kuondoka mchana na kuondoka Jumamosi alfajiri zilikuwa zinatofautiana kwa saa chache tu, na moja ina mawimbi.

Ndipo dada akapiga simu kampuni. Saa 6 na robo! Toka asubuhi watu wanagombana juu ya kampuni itasemaje na hakuna aliyeiuliza. Jibu lilichukua dakika mbili: msitoke, tunajua upepo ulivyo, tunazo boti nyingine tatu zimekwama huko, njooni kesho mkiweza, tukiona hamuwezi tutatuma mtu aichukue nyie mpande basi. Hakuna faini. Ukifikiria ni jambo la wazi kabisa, mwenye boti anataka boti nzima saa 9 alasiri kuliko boti iliyopasuka saa 3 asubuhi, lakini kichwani mwetu kampuni ilikuwa imeshakuwa hakimu mkali kuliko ilivyo, na hapo lawama nawapa wao pia kidogo, maana siku ya kukabidhi neno "mkichelewa mnalipa" lilisemwa kwa sauti kubwa na neno "mkikwama kwa upepo tupigieni" halikusemwa kabisa.

Mtego huu wa kutangulia kuogopa saa kuliko maji si mpya kwenye bonde lile. Telford alichimba mfereji ili meli za matanga zisizunguke kaskazini mwa Uskoti, kwenye bahari mbaya ya Cape Wrath na Pentland Firth, na bado meli zikaja kukaa ndani ya bonde zikisubiri, kwa sababu mwenye tanga akipata upepo wa kusini magharibi usoni ndani ya ziwa jembamba hana pa kugeukia. Manahodha wale walikuwa na wenye mizigo waliowasubiri bandarini, nao walifunga chombo wakakaa.

Jioni ya Ijumaa ikapita kwa karata na kuosha boti, ile usafi ya kukabidhi tukaimaliza hapohapo. Jumamosi tulikuwa mlangoni loki ilipofunguliwa, tukapita Bona ziwa likiwa kioo, kasri la Urquhart kulia kwetu limejaa watalii, hakuna aliyekunywa chai akiwa amesimama maana hapakuwa na haja ya kushikilia kikombe. Fort Augustus tulikuta foleni ndefu ya boti zote zilizokuwa zimejificha jana. Laggan tukafika saa 11 jioni kasoro. Wateja waliofuata walikuwa wamekaa juu ya masanduku yao, nyuso si nzuri, haki yao. Dhamana ilirudi yote. Shemeji na mkewe walikosa basi, wakakosa ndege, wakalipa tiketi mpya, na hela hiyo tuligawana sita kwa sita baada ya mjadala ambao sitauandika hapa.

Sasa, nahodha mpaka leo anasema tungeweza. Na nataka hoja yake niiweke vizuri kwa sababu si hoja ya kijinga. Anasema hivi: kwa upepo wa kusini magharibi, mawimbi mabaya yako mwanzoni, pale Lochend, kwa sababu ndipo yamesafiri mbali zaidi. Kila kilomita unayokwenda kuelekea Fort Augustus, maji yaliyo mbele yako yanapungua, na wimbi linapungua. Kwa hiyo unavumilia kilomita 10 na ushee za kwanza mpaka ghuba ya Urquhart ambako kuna bandari ndogo ya kujificha, na ni hukohuko kilipo kituo cha RNLI, waokoaji wa kujitolea waliopo Loch Ness tangu 2008, na baada ya hapo kila saa ni afadhali kuliko iliyopita. Fizikia yake iko sawa kabisa. Boti yenye watu wanne wenye uzoefu, tangi safi, na sababu ya maana ya kwenda, pengine ingefanya hivyo na ingefika.

Lakini kilomita hizo 10 ndizo zilizoziba chujio la wale wengine, na wao waliomba kilomita tatu tu. Na ndani ya boti yetu kulikuwa na mtu mmoja anayejua kuendesha kwenye mbisho, watano wasiojua, mmoja kati ya hao watano hajui kuogelea na hakuwa amewaambia watu mpaka Ijumaa ile ile saa 3 asubuhi. Huyo ndiye aliyekuwa amenyamaza.

Mwaka huu tunarudi, upande wa Loch Lochy safari hii. Dada amesema mkataba atasaini nahodha.